Zile Tarakimu Sita ni Saini Yako

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kadi za benki halihusu wizi, linahusu mshangao. Mtu amenunua kitabu kwenye duka la mtandaoni la Marekani. Ameandika namba za kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, akabonyeza, hela ikakatwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kesho yake anakata tiketi ya ndege kwenye tovuti ya shirika la Ulaya, mara ukurasa unasimama, kinafunguka kijidirisha chenye nembo ya benki yake, na simu inalia: meseji, tarakimu sita, ziandike kabla muda haujaisha. Kadi ni ileile na benki ni ileile. Kwa nini benki imlinde kwenye tiketi isimlinde kwenye kitabu?

Jibu fupi ni kwamba kwa kawaida si benki inayoanza. Mwenye duka ndiye anayepiga hodi, na benki huitikia pale ilipopigiwa hodi. Benki inaweza kuukataa muamala uliokuja bila hodi, na baadhi hufanya hivyo, lakini haiwezi kuutokea katikati ya ukurasa wa duka ambalo halikuiita. Jibu refu lina mambo ya pesa ndani yake, na ndilo linalotuhusu, kwa sababu mwisho wake unagusa mfuko wako.

Namba ya kadi haikubuniwa iwe siri. Ilibuniwa ionyeshwe. Kwa miongo mingi ilichomoza juu ya plastiki ili mashine ya mkono iipige chapa kwenye karatasi ya kaboni, na karatasi hiyo ilibaki dukani, akaiona karani, akaiona mhasibu, akaiona na aliyefungua droo kutafuta kalamu. Hata tarakimu yake ya mwisho, ambayo wengi hudhani imebeba siri, kazi yake ni kukagua makosa ya uandishi tu. Hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja, kompyuta itakushtukia. Mwizi akiandika bila kukosea, itampokea kama inavyokupokea wewe.

Zile tatu za nyuma ziliongezwa ziwe ushahidi kwamba mnunuzi ameishika kadi mkononi. Hazimo kwenye ule mkanda mweusi wa sumaku, na kanuni za sekta ya kadi zinamkataza mwenye duka kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa. Wazo ni zuri, ila tundu lake ni kubwa: aliyekwisha kuziona, au aliyekutegea ukurasa wa uongo ukamwandikia mwenyewe, anazo mpaka siku kadi itakapobadilishwa. Halafu ikaja chipu. Uingereza ilipokamilisha kuhamia chipu na namba ya siri Februari 2006, kughushi kadi ya kupitisha kaunta kukawa kazi ngumu, na wezi wakahamia kwenye manunuzi ambayo kadi yenyewe haipo, wala chipu haina la kufanya. Ukiyaziba maji huku, yatatafuta upenyo kule.

Visa walikuwa wameshaanza kulishughulikia tatizo hilo. Mwaka 2001 walianzisha mfumo waliotengenezewa na kampuni ya Arcot Systems, wakauita Verified by Visa. Mastercard nao wakaja na wao, SecureCode. Majina hayo ya biashara yamekwisha kubadilishwa, lakini jina la kitaalamu limebaki: 3-D Secure. Hiyo D haina uhusiano na sinema za kuvalia miwani. Ni kifupi cha neno lenye maana ya himaya, na himaya ni tatu: duka na benki yake, benki iliyokupa wewe kadi, na mtandao wa kadi unaoziunganisha.

Ukibonyeza kitufe cha kulipa kwenye duka linalotumia mfumo huu, duka haliombi hela kwanza. Linauuliza mtandao wa kadi: hii ni ya benki gani, na benki hiyo ina utaratibu wa kumthibitisha mteja wake? Mtandao unatazama tarakimu za mwanzo za kadi, ambazo hutambulisha benki, kisha unalielekeza. Kuanzia hapo mazungumzo ni kati yako na benki yako. Kile kijidirisha, ingawa kimechomekwa katikati ya ukurasa wa duka, kinaendeshwa na benki au na kampuni iliyopewa kazi hiyo na benki, na unachoandika humo hakimfikii mwenye duka. Ukishathibitisha, benki inalikabidhi duka stakabadhi ya kielektroniki, namba ndefu isiyoweza kughushiwa kirahisi, na duka linaiambatanisha na ombi lake la hela. Yote hayo ni kazi ya sekunde chache, ukitoa muda wa kuifuata simu iliyokuwa inachajiwa chumba cha pili.

Hiyo stakabadhi ndiyo kiini cha mambo.

Bila stakabadhi, muamala wa mtandaoni ukipingwa kwa madai kwamba mwenye kadi hakuufanya, hasara kwa kawaida humwangukia mwenye duka. Mzigo ameshautuma, hela inarudishwa kwa mteja, na juu yake benki yake inamtoza ada. Akiwa na stakabadhi, mzigo wa hasara hiyo huhama: duka linashika hela yake, na benki iliyotoa kadi ndiyo inayobaki na deni. Hilo ndilo lililowashawishi wenye maduka kukubali mfumo unaowaudhi wateja wao. Lakini sasa jiweke kwenye kiti cha benki. Ilikutumia tarakimu sita kwenye laini uliyoiandikisha mwenyewe. Tarakimu zilirudi zikiwa sahihi. Unapokuja kaunta kusema hukununua kitu, ofisa anafungua kumbukumbu na kukuonyesha saa, dakika na sekunde ulipothibitisha. Hajakuita mwongo. Amekuuliza tu: kama si wewe, nani aliyekuwa na simu yako?

Kwa hiyo wanaoziita tarakimu hizo kufuli wananipa shida. Kufuli ukiifungua kwa bahati mbaya, unaifunga tena. Hizi zinafanana zaidi na dole gumba kwenye hati ya kiwanja: ukishalitia, atakayedai kwamba hukuelewa ulichotia ni wewe, na kazi ya kuthibitisha itakuwa yako.

Hoja hii si yangu peke yangu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson, waliandika makala kali wakiuchukua mfumo huo, kama ulivyokuwa wakati ule, kuwa mfano wa jinsi uthibitishaji usivyopaswa kubuniwa. Siku hizo mteja alitakiwa kuwa na nywila moja ya kudumu. Kijidirisha kilitokea ndani ya ukurasa wa duka bila kuonyesha anwani ya tovuti, hivyo mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kama anaongea na benki au na tapeli. Wengine walilazimishwa kujiandikisha palepale katikati ya ununuzi, kwa kuandika tarehe ya kuzaliwa na mambo mengine ambayo mwizi angeyapenda sana. Na pamoja na udhaifu wote huo, walisema, mfumo umeenea kwa sababu unawahamishia watu hasara, siyo kwa sababu ni imara.

Sasa turudi kwenye kile kitabu na ile tiketi. India iliwalazimisha watoa kadi kuweka uthibitisho wa ziada kwa manunuzi ya mtandaoni tangu Agosti 2009. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya malipo inayotaka mambo mawili kati ya matatu: kitu unachokijua, kama namba ya siri, kitu ulichonacho, kama simu, na kitu ulicho wewe mwenyewe, kama alama ya kidole au sura. Sharti hilo lilianza kazi tarehe 14 Septemba 2019, ingawa kwa maduka ya mtandaoni muda uliongezwa hadi mwisho wa 2020, na Uingereza, iliyokuwa imeshajitoa kwenye Umoja, ikafikia ukomo wake tarehe 14 Machi 2022. Marekani hakuna amri kama hiyo. Huko sheria ya shirikisho inaweka ukomo wa dola 50 kwa mwenye kadi ya mkopo iliyotumiwa bila idhini yake, na wenye maduka wengi wamepiga hesabu wakaona ni afadhali kubeba hasara ya wizi kuliko kumpoteza mnunuzi anayeachia kikapu njiani kwa sababu simu yake iko mbali. Duka la Marekani halikukuuliza kwa sababu lilichagua kutouliza. Na jambo hilo, ajabu yake, lina faida kwako: muamala ambao hukuutia dole gumba ni rahisi zaidi kuupinga.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ukimbilie maduka yasiyouliza. Kadi iliyoibwa hutumika kwanza huko huko, na hata kama hela itarudi, utakaa wiki kadhaa ukiisubiri, huku ada ya shule haisubiri.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalijui: kutokuulizwa si lazima iwe kutokukaguliwa. Mwaka 2016 EMVCo, chombo cha pamoja cha mitandao ya kadi, kilitoa toleo la pili la mfumo. Humo duka linaweza kuipelekea benki yako zaidi ya taarifa mia moja kuhusu ununuzi: aina ya simu, lugha iliyowekwa kwenye kivinjari, mzigo unakopelekwa, kama akaunti yako dukani ni ya jana au ya miaka mitano. Benki inapima kwa sekunde moja. Ikiona kila kitu kinafanana na mazoea yako, inatoa stakabadhi kimyakimya na wewe unafikiri umepita tu. Ikiona umezoea kununua kwa simu moja ukiwa Mwanza na sasa unanunua usiku wa manane kwa kompyuta ngeni iliyoko bara jingine, inakusimamisha. Ni kama mlinzi wa geti anayewajua wapangaji: anakufungulia bila kuinuka, lakini ukija na gari geni atainama dirishani. Wapo wanaohoji faragha ya mambo haya, na wana haki ya kuhoji.

Tuje sasa kwenye meseji yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Tuchukue mtu wa mfano, tumwite Mama Asha. Anauza vitenge, anaagiza bidhaa ndogondogo kutoka nje, kwa hiyo kuna mzigo anaousubiri. Inaingia meseji: kifurushi chako kimezuiwa, lipia ada ya shilingi 3,500 kwenye kiungo hiki. Kiungo kinafungua ukurasa safi, wenye nembo na rangi zinazofanana na za wasafirishaji. Anaandika namba za kadi. Kile ambacho hakioni ni kwamba upande wa pili wa ukurasa huo kuna mtu, au programu, inayozichukua namba hizo sekunde hiyohiyo na kuziandika kwenye duka la kweli la simu, Ulaya. Duka la kweli linapiga hodi kwenye benki ya kweli. Benki ya kweli inatuma meseji ya kweli kwa Mama Asha. Na ukurasa wa uongo, ambao umekuwa ukizungusha kiduara cha kusubiri, unafungua kisanduku: andika namba uliyotumiwa.

Meseji inasema hivi: tumia 731904 kuidhinisha malipo ya EUR 1,189.00 kwa duka fulani, kadi inayoishia 4417, usimpe mtu yeyote namba hii. Kila neno humo ni kweli. Kama angeisoma yote, angeona kwamba euro elfu moja na ushee si shilingi elfu tatu na mia tano, na kwamba jina la duka halihusiani na vifurushi. Lakini haisomi. Simu yake imemrahisishia: imezichomoa tarakimu sita kutoka kwenye meseji na kuziweka juu ya kibodi, zinasubiri kidole kimoja tu. Anabonyeza. Hakumpa mtu yeyote namba, kama alivyoonywa. Ameiandika mwenyewe kwenye ukurasa.

Onyo la "usimpe mtu yeyote" lilitungwa kwa ajili ya tapeli anayepiga simu akijifanya wa huduma kwa wateja. Bado ni onyo zuri, maana watu hao wapo na wana sauti za upole. Tanzania tumekwisha kukomazwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunazicheka na kuzifuta. Ila huyu wa kifurushi hakuombi utume hela kwenye namba. Anakuomba ufanye kitu ambacho benki yenyewe imekuzoesha kukifanya.

Ndiyo maana sheria ya Ulaya ilikwenda mbele zaidi ya kudai mambo mawili kati ya matatu. Inataka mlipaji aonyeshwe kiasi na mlipwaji, na namba ya uthibitisho ifungwe kwenye kiasi hicho na mlipwaji huyo tu. Kimoja kikibadilika, namba inakufa. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote kwenye mfumo mzima, na ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Benki inayokutumia tarakimu tupu, bila kiasi, bila jina la duka, inakupa karatasi nyeupe ikikuomba utie dole gumba, halafu baadaye inakuonyesha dole lako. Siioni haki hapo, na ofisa wa benki akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Kuhusu njia inayopita namba hiyo: meseji ya kawaida ndiyo dhaifu kuliko zote tunazotumia. Inafuata laini, na laini inaweza kuhamishwa. Tapeli akifanikiwa kumdanganya au kumhonga wakala, namba yako inahamia kwenye kadi ya simu iliyo mfukoni mwake, na meseji za benki zinamfuata huko. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao Tanzania ulianza 2019, uliziba sehemu ya tundu hilo. Ukipiga *106# unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, na utakayemkuta humo usiyemjua, shughulika naye mapema. Dalili ya kuhamishwa ni kupotea mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao. Usiichukulie kuwa hitilafu ya mnara. Azima simu, pigia benki, funga kadi, kisha ndiyo umfuate mtoa huduma wa laini.

Kuidhinisha ndani ya programu ya benki kwenye simu, kwa kidole au kwa sura, ni bora zaidi, kwa sababu idhini imefungwa kwenye simu yenyewe, haifuati laini, na kwenye programu iliyotengenezwa vizuri skrini inakuonyesha kiasi na duka kwa herufi kubwa kabla ya kitufe cha kukubali. Anayebonyeza kukubali bila kusoma hana tofauti na Mama Asha, ila angalau ameonyeshwa.

Wanaoishi mbali na nyumbani wana shida yao. Mtu yuko Muscat au London, kadi ni ya benki ya Dar es Salaam, na namba iliyoandikishwa ni ya laini aliyoiacha kwa mdogo wake. Kila akinunua kitu, mdogo wake anaamshwa usiku asome tarakimu kwa WhatsApp. Mbaya zaidi ni laini iliyokaa miezi bila kutumika, ikafungwa na namba ikagawiwa mtu mwingine, ambaye sasa anapokea meseji za benki za mtu asiyemjua. Ukibadilisha namba ya simu, benki iwe ya kwanza kujua, kabla hata ya shemeji.

Kadi za kidijitali, zisizo na plastiki, zimepunguza hasara kwa wengi. Kenya, tangu 2022, Safaricom na Visa wanatoa kadi ya namna hiyo juu ya M-PESA, na huduma za aina hiyo zipo pia kwenye baadhi ya benki na mitandao ya simu Tanzania. Ubora wake ni wa kizamani kabisa: ndani yake unaweka hela ya safari moja, sio mshahara. Kama huna, iombe benki yako izime manunuzi ya mtandaoni kwenye kadi ya akaunti kubwa, uyawashe siku unayonunua.

Na ukikuta muamala usioujua, usianze kwa kubishana na duka. Funga kadi, andika malalamiko kwa benki kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kanuni za mitandao ya kadi kwa kawaida hutoa siku 120 za kupinga, na siku hizo hupita haraka kwa anayesubiri kuitwa. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 na dawati la kupokea malalamiko. Meseji ya kitapeli yenyewe, ile iliyoleta kiungo, ielekeze 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo.

Kabla hujaweka gazeti chini, chukua simu, tafuta meseji ya mwisho ya uthibitisho uliyotumiwa na benki yako. Kama ina kiasi na jina la duka, vizuri, isome yote safari ijayo. Kama ina tarakimu tupu, iandikie benki uwaulize kwa nini.